MNADA WA VITU VYA KALE: THAMANI YA KITI CHA BABU

Katika nyumba nyingi hakikosi kuonekana kitu kimoja cha zamani kilichosukumwa pembeni. Huenda ni kigoda alichokalia babu, au kasha la misumari ya shaba ambamo bibi alihifadhi nguo zake za arusi, au saa ya ukutani iliyokwisha kusimama, au meza ya mvule iliyonunuliwa siku ofisi fulani ilipobadilisha samani zake. Watoto hukiona kuwa takataka, na mama wa nyumba hukiona kuwa kinamzibia nafasi. Siku moja hupita mgeni mwenye maneno laini, akakitazama mara mbili, akatoa noti chache, na kitu kikaondoka. Miaka michache baadaye kitu hicho hicho huweza kuonekana katika mji wa mbali, kimefutwa vumbi na kubandikwa namba, na matajiri wanakishindania kwa kuinua mikono.

Makala haya yamekusudiwa kumweleza msomaji jinsi biashara ya vitu vya kale inavyoendeshwa mnadani, mambo yanayokipa kitu thamani, hila zinazotumika, na mipaka iliyowekwa na sheria. Yanawahusu hasa jamaa za askari na polisi, kwa kuwa wao huhama kutoka kituo hadi kituo, na kila uhamisho huwalazimu kuamua haraka ni kipi kipakiwe katika lori na ni kipi kiachwe kwa bei yoyote. Uamuzi wa haraka ndio mtaji wa mchuuzi.

ASILI YA MNADA

Kuuza mali kwa kushindanisha bei ni desturi ya zamani sana, na tangu mwanzo wake imekuwa karibu na kazi ya askari. Warumi wa kale walipouza nyara za vita walichomeka mkuki ardhini mahali pa mauzo, kuwa ishara ya kwamba mali ile imepatikana kwa nguvu ya silaha na inauzwa kwa idhini ya dola. Mpaka leo neno la mnada katika Kitaliano na Kihispania linatokana na mkuki huo. Sisi tumelipata neno letu kutoka kwa Waarabu, nalo lina maana ya kunadi, yaani kuita kwa sauti. Na dalali ndiye anayesimama kati ya mwenye mali na mwenye fedha.

Katika Uingereza ya karne ya 17 ulikuwapo mnada wa mshumaa. Kipande kifupi cha mshumaa kiliwashwa, watu wakataja bei, na aliyetaja bei ya mwisho kabla mwali haujazimika ndiye aliyepewa mali. Baadaye nyundo ya mbao ilichukua nafasi ya mshumaa. Mjini Stockholm ilianzishwa nyumba ya mnada mwaka 1674, na mpaka leo ingali inafanya kazi. Mjini London, Sotheby's ilianza mwaka 1744 kwa kuuza vitabu, na Christie's ikafuata mwaka 1766. Nyumba hizi mbili zimekuwa kama masoko makuu ya dunia kwa picha, vito, saa na samani za kale.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Mwenye mali hupeleka kitu chake, mtaalamu hukikagua, naye hukadiria bei ya chini na bei ya juu. Kitu hupewa namba na kuandikwa katika orodha iliyochapwa. Kila namba huitwa fungu, hata kama fungu hilo ni kijiko kimoja. Muuzaji na nyumba ya mnada hupatana kwa siri bei ambayo chini yake kitu hakiuzwi. Siku chache kabla ya mnada milango hufunguliwa ili watu waje kutazama, kugeuza, kufungua droo na kuuliza. Siku yenyewe dalali hupanda jukwaani, hutaja namba, hupandisha bei hatua kwa hatua, na nyundo ikigonga mara moja mkataba umekwisha. Anayejuta dakika moja baada ya nyundo amekwisha kuchelewa.

Hapo pana jambo moja ambalo wageni wengi husahau. Bei ya nyundo si bei ya mwisho. Nyumba ya mnada humtoza muuzaji ada, na mnunuzi naye hutozwa ya kwake, ambayo katika nyumba kubwa mara nyingi huzidi asilimia 20. Kwa mfano, kitu kikigongewa nyundo kwa shilingi 1,000,000 na ada ikiwa asilimia 25, mnunuzi atalipa shilingi 1,250,000 kabla ya kodi na gharama za kusafirisha. Nayo ada hiyo imewahi kuleta aibu kubwa. Mwaka 2000 Sotheby's na Christie's zilikubali kuwalipa wateja wao jumla ya dola milioni 512 kwa sababu ya kupatana kwa siri juu ya ada, na mwaka 2002 aliyekuwa mwenyekiti wa Sotheby's alihukumiwa kifungo. Ikiwa nyumba zenye umri wa zaidi ya miaka 200 zilihitaji kusimamiwa na sheria, dalali wa njiani asiye na anwani atahitaji kutazamwa zaidi.

MNADA ULIOICHUKUA UFARANSA MIAKA 200 KUUJUTIA

Wako wanaosema kwamba vitu vya kale ni mambo ya kifahari yasiyomhusu mtu wa kawaida. Habari ya jumba la kifalme la Versailles, karibu na Paris, yafaa kuwajibu.

Baada ya Wafaransa kuuangusha ufalme mwaka 1792, serikali mpya iliamua kuuza samani zote za jumba hilo. Sababu zao zilieleweka: nchi ilikuwa vitani, hazina ilikuwa tupu, na vitanda vya dhahabu vya wafalme vilikuwa machukizo machoni pa wananchi wenye njaa. Mnada ulianza tarehe 25 Agosti 1793 ukaendelea karibu mwaka mzima, hadi tarehe 11 Agosti 1794. Mafungu yaliyouzwa yalizidi 17,000. Viti, meza, vioo, mazulia, mapazia, vyombo vya jikoni, vyote vilitoka. Wachuuzi walinunua kwa wingi, na fedha nyingine iliyolipwa ilikuwa ya karatasi ambayo thamani yake ilikuwa ikiporomoka kila mwezi. Fundi mashuhuri Jean-Henri Riesener, aliyekuwa amemtengenezea Malkia Marie-Antoinette samani nyingi, alinunua tena baadhi ya kazi zake mwenyewe akitumaini kuziuza kwa faida, lakini nyakati zilikuwa zimebadilika na wateja wake walikuwa wamekimbia au wamekufa.

Samani hizo zilitawanyika duniani. Nyingine zilivuka kwenda Marekani. Nyingi zilikwenda Uingereza. Kabati la vito lililotengenezwa na Riesener lilinunuliwa na Mfalme George wa Nne mwaka 1825 na lingali katika mali ya ufalme wa Uingereza. Mkusanyo wa Wallace, uliofunguliwa kwa watu wote mjini London mwaka 1900, una samani za Kifaransa ambazo Wafaransa wenyewe husafiri kwenda kuzitazama.

Katika karne ya 20 Ufaransa ilianza kuzitafuta samani zake. Kila kiti kilichotokea mnadani kikiwa na alama ya jumba la Versailles, watumishi wa jumba walikwenda kukishindania kwa fedha za serikali. Kile kilichouzwa kwa karatasi zisizo na thamani kilirudi kwa mamilioni, na vingi havikurudi kabisa. Wahenga wetu wamekwisha kusema, usiache mbachao kwa msala upitao.

NI NINI KINACHOKIPA KITU THAMANI?

Watu wengi hudhani umri peke yake ndio thamani. Ni kweli kwamba katika biashara hii kitu huitwa cha kale kikishafikisha miaka 100, na sheria za forodha za nchi nyingi hutumia kipimo hicho hicho. Lakini jiwe lililoko njiani lina umri mkubwa kuliko kiti chochote, na hakuna anayelinunua. Wanunuzi hutazama mambo matano.

Kwanza ni fundi. Thomas Chippendale wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1779, alichapisha mwaka 1754 kitabu cha michoro ya samani, na mafundi wa nchi nyingi wakaiga. Kwa hiyo viti vya mtindo wa Chippendale ni maelfu, lakini vilivyothibitishwa kutoka katika karakana yake ni vichache, na tofauti ya bei baina ya hivi na vile ni kama ya nyumba na kibanda.

Pili ni uchache. Kabati la Badminton lilitengenezwa mjini Florence, Italia, katika karne ya 18 kwa ajili ya kabaila mmoja wa Kiingereza, likapambwa kwa ebony na mawe ya rangi. Hakuna jingine kama hilo. Mwaka 1990 liliuzwa na Christie's kwa zaidi ya pauni milioni 8, na mwaka 2004 likauzwa tena kwa zaidi ya pauni milioni 19, likaenda Vienna.

Tatu ni hali yake. Kitu kilichobaki na rangi yake ya kwanza, bawaba zake na kufuli yake, hushinda kile kilichopigwa randa na kupakwa vanishi mpya.

Nne ni historia ya umiliki, yaani nani alikuwa nacho, kilitoka kwake lini, na karatasi gani zinathibitisha. Mwezi Februari mwaka 2009 mjini Paris, kiti kimoja kilichobuniwa na Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland, kiliuzwa kwa euro milioni 21.9. Kiti hicho kilitengenezwa yapata mwaka 1917 hadi 1919, kwa hiyo hakikuwa kimefikisha miaka 100. Lakini kilikuwa cha pekee, jina la aliyekibuni lilijulikana, na kilitoka katika nyumba ya mshonaji mavazi mashuhuri Yves Saint Laurent.

Tano ni mtindo unaopendwa wakati huo, na hili ndilo limewaumiza wengi. Makabati mazito ya mahogani ya karne ya 18 na 19, ambayo familia za Kiingereza ziliyahesabu kuwa akiba ya uzee, yameshuka bei sana tangu mwanzo wa karne hii, kwa sababu vijana wanakaa katika nyumba ndogo na wanapenda samani nyepesi. Aliyenunua ili kuuza amepata hasara. Aliyenunua ili kutumia angali na kabati zuri. Kwa hiyo asiwepo mtu atakayetoa ada ya shule ya watoto akanunue vitu vya kale kwa matumaini ya kutajirika.

VITI VYA UONGO NA KAZI YA POLISI

Penye fedha nyingi hapakosi mghushi. Katika juhudi zake za kurudisha samani, jumba la Versailles lilinunua viti vilivyosemekana kuwa vya karne ya 18. Viti vingine vya aina hiyo vilitangazwa mwaka 2013 kuwa hazina ya taifa. Baadaye ilibainika kwamba vilikuwa vya kughushi. Mtaalamu mmoja wa Paris aliyeheshimiwa kuliko wengi kwa elimu ya viti vya karne hiyo alikuwa ameshirikiana na fundi hodari wa kuchonga. Walitumia mbao kuukuu, wakazipaka rangi na kuzichakaza mpaka macho ya wataalamu yakadanganyika.

Msomaji aliye polisi atapenda kujua jinsi walivyokamatwa. Siri haikufichuliwa na wataalamu wa samani. Wakaguzi wa mambo ya fedha walimwona mtu mmoja wa kipato kidogo ananunua majumba, wakauliza fedha zimetoka wapi, wakaifuata njia ya fedha hatua kwa hatua mpaka karakanani. Habari ikatangazwa mwaka 2016, na mwezi Juni mwaka 2025 mahakama ya Ufaransa iliwatia hatiani mtaalamu yule na fundi wake. Mbao zilisema uongo, hesabu za fedha zikasema kweli.

Hata hivyo mbao pia zina ushahidi wao kwa anayejua kuuliza. Kwanza, geuza kitu chini juu na uvute kila droo. Mafundi wa zamani walipiga randa uso wa mbele na kuacha nyuma na chini bila kulainishwa; mahali hapo pawe na alama za msumeno wa mkono zilizonyooka na zisizolingana. Alama za mviringo ni za msumeno wa duara wa mashine, ambao ulienea katika karne ya 19. Pili, tazama skrubu: za zamani zilikatwa kwa mkono, njia zake hazilingani na ncha zake ni butu, wakati zenye ncha kali na njia sawasawa ni za kiwandani, tangu katikati ya karne ya 19. Tatu, tazama maungio ya pembe za droo. Yakiwa yamefanana kama yaliyopigwa muhuri, yamefanywa kwa mashine. Nne, pima meza ya duara kwa kamba katika pande mbili. Mbao husinyaa kwa miaka kwa upande wa upana wake, kwa hiyo meza kuukuu kwa kawaida huwa na upande mmoja mfupi kidogo. Tano, fikiri mwili wa binadamu unapogusa wapi. Mkono wa kiti huchakaa mbele, ubao wa kuwekea miguu huchakaa katikati, na tundu la ufunguo huwa na mikwaruzo kando yake. Uchakavu ulioenea sawasawa kila mahali ni kazi ya msasa.

KASHA NA KITI CHA ENZI

Turejee nyumbani Afrika Mashariki. Katika pwani yetu, toka Lamu na Mombasa hadi Unguja, samani zinazotafutwa zaidi na wageni ni makasha, viti vya enzi, vitanda na milango ya nakshi.

Makasha mengi ya zamani yaliletwa na majahazi kutoka bara Hindi kwa pepo za kaskazi, mengine yakatengenezwa pwani na mafundi waliojifunza kazi hiyo. Mbao zake ni ngumu, kama msaji, na juu yake hupigiliwa misumari na vipande vya shaba vilivyokatwa kwa nakshi. Mara nyingi chini huwa na droo, na ndani huwa na kisanduku kidogo pembeni. Mengine yana mahali pa siri pa kufichia fedha na hati. Kasha lilikuwa benki, kabati na mahari ya ujana kwa pamoja. Biharia alisafiri nalo, bibi arusi alihamia nalo.

Kiti cha enzi ni kirefu cha mgongo, mbao zake ni nyeusi, kimepambwa kwa vipande vya pembe za ndovu au mfupa, na mahali pa kukalia na pa kuegemea husukwa kwa kamba nyembamba. Hakikuwa cha kila mtu. Kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Viti hivyo vyaweza kuonekana katika Makumbusho ya Lamu, na mji wenyewe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, kama ulivyo Mji Mkongwe wa Unguja tangu mwaka 2000.

Mafundi wa Lamu na Unguja wangali wanatengeneza makasha na viti vipya, na kazi hiyo ni ya halali na ya kusifiwa. Kosa huanza pale kasha la mwaka jana linapopakwa mafuta machafu, likachomwa jua na kuuzwa kwa jina la kasha la miaka 150. Ndani ya kasha la kweli huwa na harufu na giza la miaka; shaba yake imelainika kwa vidole, na misumari mingine imepotea na kurudishwa kwa nyakati mbalimbali.

Mwenye kiti chenye pembe za ndovu na ajue jambo jingine. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe hizo kati ya nchi na nchi, na nchi kadhaa zimeongeza sheria zao. Ya Uingereza ilitungwa mwaka 2018 na kuanza kutumika mwaka 2022. Kitu cha kale huweza kusamehewa kwa masharti, lakini lazima kiwe na hati. Askari wa forodha akikikamata bila hati, maneno ya kwamba ni cha babu hayatoshi.

VITU AMBAVYO HAVINA BEI

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mali ya mtu inayouzwa kwa hiari yake. Lakini iko mali ya namna nyingine, na hapa askari na polisi wanahusika moja kwa moja.

Mwezi Aprili mwaka 1868 jeshi la Waingereza liliiteka ngome ya Maqdala nchini Ethiopia, na Mfalme Tewodros wa Pili akajiua asitekwe. Wanajeshi walichukua vitabu vya kanisa vilivyoandikwa kwa mkono, misalaba, mataji na mavazi. Inaelezwa kwamba tembo 15 na nyumbu karibu 200 walihitajiwa kubeba mali hiyo. Tarehe 20 na 21 Aprili, katika uwanda wa Dalanta, jeshi lilifanya mnada kwa ajili ya vitu hivyo, na fedha zake zikagawanywa kwa askari. Mjumbe wa Makumbusho ya Uingereza alikuwapo, akiwa na fedha za kununulia. Kila kitu kilifuata taratibu za mnada: dalali, bei, malipo. Lakini utaratibu hauwezi kukisafisha kitu kilichotwaliwa kwa nguvu. Zaidi ya miaka 150 baadaye Waethiopia wangali wanavidai. Mwaka 2019 makumbusho ya jeshi mjini London ilirudisha nywele za mfalme huyo, na mwaka 2021 vitu kadhaa vya Maqdala viliondolewa katika mnada huko Uingereza baada ya Ethiopia kupinga, navyo vikarudishwa kwao.

Jirani zetu wa Kenya nao wamepata msiba wa vigango. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo baadhi ya Wamijikenda humsimikia mzee wa heshima aliyefariki. Hakiuzwi, wala hakihamishwi hata kijiji kikihama. Walanguzi waliwalipa vijana fedha kidogo wakaving'oa usiku, vikauzwa Marekani kuwa mapambo ya sebuleni. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1999 mtafiti huyo alikitambua kimoja katika mkusanyo wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, na cha pili kikaonekana katika chuo kingine. Picha ile moja ndiyo iliyokuwa shahidi. Vyote viwili vikarudishwa, kimoja mwaka 2006 na kingine mwaka 2007. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa bila kuviona tena.

Sisi wa Uganda tuna mfano wa faraja. Masalio ya Kibuuka, aliyehesabiwa na Waganda kuwa mungu wa vita, yalipelekwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 yakawekwa Cambridge. Mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, yalirudishwa Kampala.

Dunia imeweka sheria juu ya mambo haya. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 unawakataza wanajeshi kupora au kuharibu mali ya utamaduni wakati wa vita. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unazitaka nchi kuzuia vitu hivyo visiingizwe, visitolewe wala visiuzwe kinyume cha sheria. Karatasi za mikataba hazina macho. Macho ni ya askari aliyesimama mpakani na polisi anayefungua gunia katika lori. Akiona sanamu ya kaburi, ngoma ya kimila, au kitabu cha kale kisicho na hati, na aulize: kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani, na nani aliruhusu?

MASHAURI KWA WENYE NYUMBA

Kwa mama na baba wa nyumba, haya ndiyo tunayoshauri.

Ukitaka kuuza, usiuze siku ile ile uliyoombwa. Mwambie mnunuzi arudi. Akiwa na haraka kuliko wewe, ana sababu. Waulize watu wawili au watatu wasiojuana, na ikiwezekana uliza makumbusho. Kitu cha urithi kisiuzwe na mmoja kabla ya jamaa kukutana, maana ugomvi wa ndugu hugharimu kuliko kasha. Mjane au yatima aliyefiwa karibuni asisukumwe kuuza. Mchuuzi hodari husoma matangazo ya tanzia.

Ukitaka kununua mnadani, ikiwa ni mnada mkubwa au ule wa mali chakavu za serikali, fika siku ya kukagua. Andika katika karatasi bei ya mwisho unayoiweza pamoja na ada na usafiri, na nyundo ikipita bei hiyo ukunje karatasi yako uende nyumbani. Mashindano hupasha damu moto, na wengi wamenunua ushindi wakabaki na kabati wasilolihitaji. Dai risiti yenye jina la muuzaji, kwa kuwa kitu cha wizi hurudishwa kwa mwenyewe, na fedha yako huenda isirudi.

Ukitaka kutunza, kiweke kitu mbali na jua kali na ukuta wenye unyevu. Inua miguu yake kidogo kutoka sakafuni na ukague mchwa kila mwezi. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Usisugue shaba kwa mchanga wala majivu, usipige mbao msasa, wala usipake rangi ya mafuta ili kilingane na mapazia. Kazi ya asubuhi moja huweza kuondoa thamani ya miaka 100. Kikivunjika, hifadhi kila kipande mpaka umpate fundi.

Zaidi ya yote, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari la shule, andika kitu ni nini, vipimo vyake, kilitoka kwa nani, nani alikitengeneza kama anajulikana, na kilipitia mikono ya nani. Mpige picha mzee wa nyumba akiwa kando yake, na nyuma ya picha uandike tarehe. Karatasi hiyo haihitaji nafasi katika lori siku ya uhamisho. Kitu kikiuzwa, itamsaidia mwenye nyumba kupata bei ya haki. Kikiibwa, itamsaidia polisi kukitambua. Na kikibaki, itawaambia wajukuu ni nani aliyekikalia kabla yao. Kazi hiyo yafaa ifanywe wakati wazee wangali hai na kumbukumbu zao zingali safi.